Mwenye Mji ni Nani? Njia, Kodi na Miji ya Singida

Katika Kiswahili neno mji lina maana mbili ambazo aghalabu hatuzitengi. Kwanza, ni mahali penye nyumba nyingi, maduka, soko na njia kuu. Pili, hasa kwa watu wa bara, ni kaya ya mtu: pale akaapo yeye na watu wake, na penye mwenye mji, yaani yule ampokeaye mgeni, alindaye maji na chakula, na ajibuye likitokea jambo. Maana ya kwanza yaonekana kwa macho; ya pili haionekani ila kwa kuuliza. Katika makala haya nataka kuuliza swali la maana hiyo ya pili juu ya miji ya Singida iliyozaliwa na njia: mwenye mji ni nani? Sababu ya kuuliza sasa ni kwamba njia mpya imefika mlangoni mwa mkoa, nayo historia yaonyesha kwamba kila ilipokuja njia mpya huko, ilijenga mji mmoja na kuudhoofisha mwingine, na wenyeji mara nyingi hawakuulizwa.

Tuanze na njia ya zamani. Kabla ya reli, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo, kisha ikaingia katika nyika kavu iliyoitwa Mgunda Mkali, ambayo sehemu yake kubwa imo leo katika wilaya ya Manyoni. Burton na Speke walipita huko mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871. Wote waliona jambo moja: katika nchi ile maji ni machache, na mwenye kisima ndiye mwenye neno. Watemi wa Wagogo walitoza hongo, yaani malipo ya kupita, kwa nguo, shanga na nyaya za shaba. Wasafiri wa Kizungu waliandika kwa uchungu sana juu ya hongo, wakaiita unyang'anyi. Lakini tukumbuke kwamba maandishi hayo ni ya walipaji, na si desturi ya mlipaji kumsifu mtozaji. Ukitazama kwa upande wa mwenyeji, msafara wa watu mia kadhaa uliofika kisimani wakati wa kiangazi uliweza kunywa kwa siku moja maji ambayo kijiji kilitegemea kwa juma zima. Hongo ilikuwa bei ya maji hayo, na bei ya amani.

Sisemi kwamba watemi wote walikuwa waadilifu. Wengine walipandisha kiwango kadiri walivyoona mgeni ana mzigo, na mali nyingi ilibaki nyumbani kwa mtemi. Hata hivyo mambo mawili yalikuwa wazi. La kwanza, aliyepita alilipa kwa sababu alitumia kitu cha mahali pale. La pili, aliyepokea alijulikana kwa jina na kwa sura, na watu wake waliweza kumwendea wakamwuliza. Mambo haya mawili, yaani malipo yanayofungamana na mahali, na mpokeaji anayeweza kuulizwa, ndiyo msingi wa kila serikali ya mitaa, iwe ya Wagogo au ya Waingereza. Methali yetu yasema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenyeji hawezi kupona kwa mgeni anayepita bila kuacha kitu.

Wajerumani, ambao wazee waliwaita Wadachi, waliondoa hongo walipoimarisha utawala wao katika miaka ya 1890. Walijenga kituo cha askari Kilimatinde, juu ya ukingo wa bonde la ufa, mahali ambapo njia ya misafara ilipanda kutoka nyanda za Ugogo. Mwaka 1898 wakaanza kutoza kodi ya nyumba. Hapo ndipo mwelekeo wa malipo ulipogeuka. Zamani mpitaji alimlipa mkaaji; sasa mkaaji alimlipa aliyekuja. Kodi ilikwenda bomani, na kutoka bomani ikaenda pwani, wala mtu wa Kilimatinde hakuwa na baraza la kuuliza imetumika vipi. Hata hivyo Kilimatinde ulikuwa mji. Ulikuwa na boma, wafanya biashara, na kazi ya kulisha misafara. Mtu wa mwaka 1900 asingeweza kufikiri kwamba mji huo ungepungua.

Uliupunguza reli. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Wahandisi hawakuipeleka Kilimatinde. Gari la moshi halipandi ukingo wa bonde kama apandavyo mpagazi. Linatafuta mteremko wa taratibu. Basi reli ikapita Saranda, chini ya bonde, kisha ikapanda na kufika Manyoni, mahali ambapo hapakuwa na sifa kubwa hapo kwanza. Wakati wa Waingereza makao ya wilaya yakahamia huko, na jina la wilaya likawa Manyoni. Kilimatinde haukufa kabisa: misheni ya Kianglikana na hospitali yake viliendelea kuhudumia watu. Lakini soko, ofisi na vijana viliifuata stesheni.

Tukio hili halikuwa la Singida tu. Huko Uingereza, katika jimbo la Surrey, kulikuwa na kijiji cha kale kilichoitwa Woking, kando ya mto Wey. Mwaka 1838 kampuni ya reli iliyotoka London kuelekea Southampton ilijenga stesheni katika pori la mchanga lililo mbali kidogo na kijiji hicho. Katika miaka ya 1850 kampuni ya mazishi ya London ikanunua sehemu kubwa ya pori kwa ajili ya makaburi ya watu wa jiji, ikafungua makaburi ya Brookwood mwaka 1854, na ardhi iliyozidi ikauzwa kwa wajenzi. Mji mpya ukamea kuizunguka stesheni. Kijiji cha kale kikabaki na jina la Woking ya Zamani, kama Kilimatinde unavyobaki leo kata moja katika wilaya ya Manyoni. Huko Woking ndiko ulikojengwa mwaka 1889 msikiti wa Shah Jahan, wa kwanza kujengwa kwa kusudi hilo katika Uingereza. Basi mji ule nao ni mtoto wa njia.

Tofauti imo katika kazi za miji hiyo miwili. Manyoni ulikuwa mahali pa kupakia mizigo, kubadili treni na kuendesha wilaya. Woking ukawa mji wa malazi: watu wake wengi huamka alfajiri, hupanda treni, na baada ya nusu saa hivi wako London kazini, jioni hurudi kulala. Mshahara wao hupatikana London, lakini takataka zao, watoto wao, wazee wao na barabara zao viko Woking. Mji wa namna hiyo waweza kuwa na nyumba nzuri sana na kazi chache sana. Waingereza wameulisha kwa kodi ya nyumba. Anayelala mjini huilipia nyumba yake, na sehemu ya malipo hayo hubaki kwa halmashauri ya mji, na sehemu nyingine huenda kwa jimbo. Walipojaribu mwaka 1990 kuibadili kuwa kodi ya kichwa, watu walikataa kwa ghasia, na mwaka 1993 ikaletwa tena kodi ya makazi inayotegemea thamani ya nyumba. Nao waligundua, kama walivyogundua babu zetu, kwamba mtu huona haki zaidi kulipia kitu anachokitumia kuliko kulipia kichwa chake.

Turudi Singida. Manyoni ulifaidika na reli, lakini Singida yenyewe, iliyo kaskazini katika nchi ya Wanyaturu, ilipata somo chungu zaidi. Katika miaka ya 1930 lilijengwa tawi la reli kutoka Manyoni kupita Singida hadi Kinyangiri, katika nchi ya Wanyiramba. Kabla ya uhuru tawi hilo likafungwa na vyuma vyake viking'olewa, kwa kuwa lilionekana halilipi gharama zake. Mji uliokuwa na stesheni ukaamka siku moja hauna. Baada ya uhuru serikali ilijenga upya tawi la kilomita 115 kutoka Manyoni hadi Singida mjini, lakini funzo la mwanzo halifutiki: njia iliyoletwa na uamuzi wa mbali yaweza kuondolewa na uamuzi wa mbali. Mfano mwingine ni dhahabu ya Sekenke, katika Iramba. Mwaka 1916, Wajerumani walipozungukwa na vita, walipiga sarafu za dhahabu huko Tabora kwa dhahabu ya Sekenke. Sarafu hizo zathaminiwa mpaka leo na wakusanyaji wa dunia nzima. Iramba ilitoa dhahabu, na jina likaenda Tabora.

Je, katika muda huo wote wenyeji hawakuwa na chombo chao? Walikuwa nacho, lakini kilikuwa na kamba mguuni. Sheria ya mwaka 1926 iliwapa watemi na machifu madaraka chini ya Mkuu wa Wilaya, pamoja na hazina za wenyeji zilizopata sehemu ya kodi. Kwa hazina hizo zililipwa mishahara ya makarani na matarishi, na kujengwa shule na zahanati chache. Mwenye mji alikuwapo, ila mwenye mji huyo alijibu kwanza kwa bwana shauri, na kwa watu wake baadaye. Sheria ya mwaka 1953 ilifungua mlango wa halmashauri za kuchaguliwa, na uhuru ulipokuja serikali iliondoa utawala wa machifu mwaka 1963. Mwaka huo huo Singida ukawa mkoa wa peke yake, ukitengwa na Dodoma. Kwa mara ya kwanza mtu wa Manyoni, Kiomboi au Singida aliweza kumchagua diwani, na diwani huyo akawa na ushuru wa mazao na kodi za mahali za kupanga.

Hali hiyo haikudumu. Mwaka 1969 na 1970 serikali kuu iliondoa kodi ya mtaa na ushuru wa mazao, ambavyo vilikuwa tegemeo kubwa la halmashauri za wilaya. Nia ilikuwa njema, kwa maana kodi hizo zilimwelemea mkulima maskini, na ukusanyaji wake ulikuwa wa ukali. Lakini halmashauri iliyoondolewa kapu haiwezi kulaumiwa kwa kurudi sokoni mikono mitupu. Zilishindwa kazi, na kushindwa kwao kukawa hoja ya kuzifuta. Mwaka 1972, kwa mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilivunjwa, na kazi zake zikapewa maofisa wa serikali kuu waliowekwa mikoani na wilayani. Mabaraza ya miji nayo yakafuata. Jina lilisema madaraka yanakwenda mikoani. Kwa kweli yaliyokwenda mikoani ni maofisa, na madaraka yalibaki na aliyewatuma.

Matokeo yake katika miji ya nchi yalionekana upesi: mifereji iliziba, takataka zilirundikana, maji na zahanati vikazorota. Mwaka 1978 ikapitishwa sheria ya kurudisha mabaraza ya miji. Mwaka 1982 zikatungwa sheria mpya za serikali za mitaa, za wilaya, za miji na za fedha, na mwaka 1984 halmashauri zikaanza kazi tena. Katiba nayo ikaweka ibara za 145 na 146 ili zisifutwe kirahisi. Mwaka huo wa 1984 Mwalimu Nyerere alisema hadharani kwamba kama angeanza upya asingezivunja serikali za mitaa, wala vyama vya ushirika vilivyovunjwa mwaka 1976. Ni nadra kiongozi kusema hivyo akiwa bado madarakani, na yatupasa kuyachukua maneno hayo kama ushahidi wa mtu aliyeyaona matokeo kwa macho yake.

Hata hivyo kurudi kwa baraza si lazima kuwe kurudi kwa kapu. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo, iliyotozwa kila mtu mzima, ilifutwa, na halmashauri zikapewa ruzuku ya fidia kutoka hazina kuu. Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ulipelekwa kwa Mamlaka ya Mapato. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa chakula. Mwaka 2021 kodi ya majengo ikafungamanishwa na malipo ya umeme. Kila hatua ilikuwa na sababu yake, na mkulima wa alizeti wa Iramba au wa vitunguu wa Singida alishukuru kupunguziwa. Lakini ukizipanga pamoja, zaonyesha mwendo mmoja: kapu la mahali huchukuliwa, na mahali pake huwekwa ruzuku. Ruzuku ni fedha, na hujenga madarasa kama fedha nyingine. Lakini ruzuku humfundisha diwani kutazama juu kwa mtoaji, na kodi humlazimisha kutazama chini kwa mlipaji.

Sasa twafika penye swali la leo. Serikali iliamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, lakini uhamisho wenyewe ulishika kasi tangu mwaka 2016, na mwaka 2018 Dodoma ukawa jiji. Mwaka 2024 treni za umeme za reli mpya zilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na reli hiyo imepangwa kuendelea magharibi. Kituo cha Makutupora, ambapo kipande cha kutoka Morogoro kinakoma, kimo ndani ya wilaya ya Manyoni. Kutoka Manyoni hadi Dodoma ni kilomita zipatazo 120, na treni hizo zimeundwa kwenda kilomita 160 kwa saa. Kwa hesabu ya karatasi, karani wa wizara aweza kulala Manyoni na kufika kazini Dodoma kwa muda usiozidi ule anaoutumia mkazi wa Kibaha kuingia Dar es Salaam asubuhi yenye msongamano. Viwanja vya Manyoni ni nafuu kuliko vya Dodoma. Haihitaji uaguzi kuona kwamba watu watajenga.

Ikiwa watajenga, Manyoni utakuwa mji wa malazi. Utapata mabati mapya, kuta za matofali, na watu wa kununua kuku na asali ya Itigi. Lakini maji je? Nchi ni ile ile aliyopita Burton. Mji wa malazi katika nchi kavu ni msafara uliotua kisimani na usioondoka. Nani atawalipisha wanaotua, na kwa sheria gani? Ikiwa mshahara unatozwa kodi Dodoma, na kodi ya nyumba inaingia katika kapu la mbali, halmashauri itabaki na ushuru wa wauza mchicha na mkulima wa alizeti, yaani maskini wa zamani watawalipia maji wakazi wapya wenye mishahara. Huko ni kuigeuza hongo kichwa chini.

Wapo watakaosema: mkizipa halmashauri kapu, zitakula. Hoja hii si ya kudharau, na wala hatuna haja ya kwenda mbali kuitafutia ushahidi, ingawa mfano wa mbali unafaa zaidi kwa kuwa hauna jazba. Woking, mji wenye wakazi wapatao 104,000 kwa hesabu ya mwaka 2021, haukutosheka na kodi ya nyumba. Halmashauri yake ilikopa fedha nyingi mno, sehemu kubwa kutoka mfuko wa mikopo wa serikali kuu, ikajenga hoteli, maduka na minara ya makazi, ikitumaini kwamba mji wa malazi utageuka kuwa mji wa biashara. Juni 2023 ilitangaza kwamba haiwezi kulinganisha mapato na matumizi: upungufu wake ulikuwa paundi bilioni 1.2, ilhali fedha yake ya msingi ya mwaka ilikuwa paundi milioni 16. Serikali kuu ilikuwa imekwisha kupeleka makamishna, na wakazi wakaongezewa kodi na kupunguziwa huduma. Kapu walikuwa nalo, na diwani walikuwa naye. Kilichokosekana ni watu wa kuuliza kabla ya mkopo. Mtu anayerudi saa mbili usiku kutoka London hana nguvu ya kwenda kusikiliza kikao cha halmashauri.

Hilo latupa jibu lililo kamili zaidi kuliko lile tulilokuwa nalo tulipoanza. Woking ulikuwa na mapato ya mahali ukakosa maswali. Miji ya Singida, kwa miaka mingi, imekuwa na watu wenye maswali ikakosa mapato ya mahali. Vyote viwili ni ulemavu. Mtu wa Singida anajua kuuliza. Ameuliza katika mikutano ya kijiji juu ya mabwawa, malisho na mipaka, kwa sababu maisha yake yote yako pale pale. Jambo la hatari ni kwamba mji wa malazi utamletea jirani ambaye maisha yake yako kwingine, anayehesabu Manyoni kuwa kitanda tu. Jirani huyo atavutwa mkutanoni na kitu kimoja: kujua kwamba kodi ya nyumba yake inabaki katika mji anaolala, na kwamba inaweza kuliwa au kuchimba kisima kutegemea yeye amesema nini.

Kwa hiyo naona kwamba kazi ya miaka hii, kabla nyumba hazijajaa, ni kuandika katika sheria, kwa kudumu, kwamba kodi ya jengo ni mali ya halmashauri ya mahali lilipo jengo, hata ikiwa mwingine ndiye mkusanyaji. Na kwamba sehemu yake inayojulikana itumike kwa maji. Kilimatinde haukuulizwa reli ilipopita kando. Singida haukuulizwa vyuma vilipong'olewa, wala madiwani hawakuulizwa mwaka 1972. Manyoni bado waweza kuulizwa. Mtemi wa Ugogo, ambaye hakujua kusoma, alijua kwamba anayekunywa kisimani hulipa, na anayepokea malipo hujibu kwa watu wake. Atakayeyashika mambo hayo mawili pamoja ndiye mwenye mji.